Siku Mwalimu alipofariki: kwa nini kila mmoja ana hakika, na hakika zetu hazilingani?

Mtoto wa Kanda ya Ziwa (swali)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Naomba msaada wa kulielewa jambo ambalo limezungumzwa nyumbani kwetu kwa miaka mingi, na ambalo safari hii nusura liwakosanishe dada zangu wawili. Tarehe 14 Oktoba 1999, Mwalimu Julius Nyerere alipofariki katika hospitali ya St Thomas jijini London, familia yetu ilikuwa ikiishi mkoani Mwanza. Dada mkubwa alikuwa kidato cha pili, na dada wa pili alikuwa darasa la tano. Mimi nilikuwa mdogo mno, sina ninachokikumbuka zaidi ya nilichosimuliwa.

Dada mkubwa anasema habari ilimfikia shuleni. Kengele iligongwa nje ya ratiba, wanafunzi wakaitwa mstarini, na mwalimu mkuu akashindwa kuimaliza sentensi aliyoianza. Anakumbuka hata sweta ya msichana aliyesimama mbele yake, ya kijani iliyopauka, yenye uzi uliochomoka begani. Dada wa pili anasema wote walikuwa nyumbani: mama anachambua mchele, baba ameiweka redio dirishani, na dada mkubwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango, wakaisikia pamoja sauti ya Rais Mkapa akilitangazia taifa msiba. Kila mmoja yuko tayari kuapa. Mama tulipomuuliza alisema kwamba yeye habari alizisikia sokoni, na kwamba alifika nyumbani akiwa ameacha nusu ya vitu alivyokwenda kununua.

Siulizi nani mkweli, kwa sababu ninawafahamu wote watatu na najua hakuna anayetunga. Ninachotaka kuelewa ni je, uchungu na mshtuko huifanya kumbukumbu iwe imara zaidi, kama tunavyoamini, au huivuruga? Na inakuwaje mtu aone kwa macho ya moyo wake kigoda, dirisha na mchele, ilhali mwenzake aliyekuwa kwenye tukio hilo hilo ana picha nyingine kabisa?

Mhadhiri wa Dodoma

Ndugu muuliza, pole kwa mvutano huo wa nyumbani, na nimefurahi kwamba umeuliza bila kumshuku yeyote. Ninafundisha saikolojia chuoni, na swali lako lina historia ndefu katika taaluma yetu. Mwaka 1899 mtafiti wa Marekani aitwaye F. W. Colegrove alichapisha majibu ya watu 179 aliowauliza walikuwa wapi walipopata habari za kuuawa kwa Rais Abraham Lincoln mwaka 1865. Zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita, na bado 127 kati yao walieleza kwa kina mahali walipokuwa, kazi waliyokuwa wakiifanya na mtu aliyewapasha habari. Hakuwa na njia ya kuhakiki majibu hayo, na kwa muda mrefu hakuna aliyeona haja ya kuyahakiki, kwa sababu yalisimuliwa kwa namna iliyomfanya msikilizaji aamini.

Mwaka 1977 Roger Brown na James Kulik waliwauliza Wamarekani 80 kuhusu mauaji ya viongozi mbalimbali. Kwa mauaji ya Rais John Kennedy ya mwaka 1963, watu 79 kati ya 80 walikuwa na picha kamili ya dakika waliyopata habari. Kumbukumbu za namna hii walizifananisha na mmweko wa taa ya kamera, wakapendekeza kwamba mshtuko unapokuwa mkubwa na jambo likawa na uzito kwa mhusika, ubongo hulichapa tukio zima papo hapo, pamoja na mambo madogo yasiyo na maana yoyote, kama ile sweta ya kijani. Jambo jingine walilolibaini ni kwamba uzito wenyewe hutofautiana kwa watu. Kwa mauaji ya Martin Luther King ya mwaka 1968, robo tatu ya Wamarekani weusi walioulizwa walikuwa na kumbukumbu za mmweko, ilhali kwa weupe ilikuwa theluthi moja tu. Habari ilikuwa ile ile, lakini kwa upande mmoja ilikuwa msiba wa nyumbani na kwa upande wa pili ilikuwa habari za mwingine.

Nadharia hiyo ya kuchapwa papo hapo ndiyo iliyokuja kutikiswa, na aliyeanza kuitikisa ni Ulric Neisser. Yeye mwenyewe kwa miaka mingi alikumbuka kwamba habari za shambulio la Wajapani kwenye Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, tarehe 7 Desemba 1941, zilimkuta akisikiliza mchezo wa besiboli redioni, matangazo yakakatizwa. Baadaye ilimjia kwamba mwezi Desemba hakuna ligi ya besiboli Marekani. Basi tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Challenger kilipolipuka sekunde 73 baada ya kurushwa, na watu wote saba waliokuwamo wakafa, Neisser na mwenzake Nicole Harsch waliwapa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory dodoso asubuhi iliyofuata: ulisikia wapi, kwa nani, ulikuwa na nani, ulikuwa ukifanya nini. Karatasi wakazihifadhi. Baada ya miaka miwili na nusu waliwatafuta wanafunzi 44 kati yao, wakawauliza tena maswali yale yale.

Walioandika sawasawa na walivyoandika mwanzo walikuwa watatu. Kumi na mmoja hawakulingana hata katika jambo moja kati ya yaliyohesabiwa kuwa muhimu. Hata hivyo, walipoulizwa wana hakika kiasi gani, wastani wao ulizidi nne kwa kipimo cha tano. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika asubuhi ile kwamba alizipata habari darasani, katika kipindi cha dini, kwa watu walioingia wakizizungumza. Baadaye akasimulia kwamba alikuwa bwenini na mwenzake wa chumba, mbele ya televisheni, matangazo yakakatizwa na wote wawili wakapigwa na butwaa. Walipoonyeshwa karatasi zao wenyewe, kwa mwandiko wao wenyewe, baadhi yao walikataa katakata na kusema kwamba hawakumbuki hivyo.

Angalia mkondo wa mabadiliko yale. Asubuhi ya kwanza, wanafunzi 9 kati ya hao 44 ndio waliosema televisheni ndiyo iliyowapa habari mara ya kwanza; baada ya miaka miwili na nusu waliosema hivyo walikuwa 19. Kumbukumbu ilihama kutoka kwa mtu aliyepita kwenye korido na kwenda pale ambapo tukio lilionekana kwa ukubwa wake. Ninapoisoma hadithi ya dada yako wa pili, ambamo sauti ya Rais Mkapa ndiyo chanzo cha habari, siwezi kuacha kuzifikiria namba hizo.

Sasa nije kwenye ubongo, maana hisia ina kazi halisi hapa. Mtu anaposhtuka, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo hukimbia, na ujumbe wa hali hiyo hufika kwenye sehemu ndogo ya ubongo iitwayo amigdala, ambayo huiamsha jirani yake, hipokampasi, inayoshughulika na kuhifadhi matukio. James McGaugh alitumia miaka mingi kulichunguza jambo hili. Katika jaribio alilofanya na Larry Cahill, lililochapishwa mwaka 1994, watu walionyeshwa picha zenye hadithi ya mtoto anayegongwa na gari na kukimbizwa kwa wapasuaji. Baadhi yao walipewa kwanza propranololi, dawa ambayo wengi wetu tunaijua kwa wagonjwa wa shinikizo la damu, na ambayo huzuia athari za adrenalini. Wiki moja baadaye wale ambao hawakupewa dawa walikumbuka sehemu ya ajali kuliko sehemu nyingine za hadithi, lakini waliopewa dawa hawakuonyesha tofauti hiyo, ingawa sehemu za kawaida walizikumbuka kama wengine.

Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba mshtuko huiimarisha kumbukumbu kweli, kwa njia ya kimwili inayoweza kupimwa. Lakini huimarisha kiini cha tukio na kumpa mwenye kumbukumbu hisia kali kwamba anaona na ana hakika. Mambo ya pembeni, kama nani alikuwepo, chumba gani na saa ngapi, hayapati ulinzi huo. Tarehe 12 Septemba 2001, siku moja baada ya mashambulizi ya kigaidi dhidi ya Marekani, Jennifer Talarico na David Rubin wa Chuo Kikuu cha Duke waliwaandikisha wanafunzi 54 kumbukumbu mbili kila mmoja: namna walivyopata habari za mashambulizi, na tukio la kawaida la siku chache kabla yake. Walipowapima tena, wengine baada ya wiki moja na wengine baada ya wiki 32, kumbukumbu zote mbili zilikuwa zikichakaa kwa kasi ile ile. Tofauti ilikuwa katika imani. Kumbukumbu ya kawaida ilipochakaa, mwenyewe alijua kwamba imechakaa. Ile ya mashambulizi aliendelea kuiamini na kuiona waziwazi.

Mkaazi wa Nairobi

Mhadhiri, asante kwa maelezo hayo. Ningependa kuongeza upande wa sisi ambao hatukusikia habari, bali tulikuwa karibu na jambo lenyewe.

Tarehe 7 Agosti mwaka wa 1998, siku ya Ijumaa, nilikuwa nikifanya kazi katika ofisi iliyo ghorofa ya tatu, umbali mfupi kutoka ubalozi wa Marekani uliokuwa kwenye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie Avenue. Ilikuwa imepita saa nne na nusu asubuhi. Kwanza tulisikia mlio kama wa bunduki na kishindo kidogo, na watu katika majengo mengi walikwenda madirishani kuangalia kuna nini. Kishindo kikubwa kiliwakuta hapo hapo kwenye vioo, na ndiyo sababu watu wengi sana walipoteza macho siku ile. Watu 213 walikufa Nairobi, na maelfu walijeruhiwa. Dakika chache tu zilitenganisha mlipuko wetu wa bomu na ule wa ubalozi wa Marekani wa Dar es Salaam, ambako watu 11 walipoteza maisha.

Nilivyo navyo mimi ni vipande. Naona karatasi za ofisi zikielea angani kwa utulivu wa ajabu, zikishuka polepole juu ya magari. Nasikia vioo vikisagika chini ya viatu vya watu wengi wanaotembea bila kukimbia. Namwona mwanamume aliyevaa suti, mweupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi magoti, ameshika kiatu kimoja cha mwanamke. Vipande hivyo havijabadilika, kwa sababu niliviandika kwenye shajara juma lile lile na bado ninayo. Lakini ngazi za kutoka ghorofa ya tatu hadi chini sizijui. Mwenzangu wa meza ya pili husema kwamba nilimshika mkono tangu juu hadi barabarani na kwamba nilikuwa nikimhesabia ngazi kwa sauti. Sina hata chembe ya kumbukumbu hiyo, na katika shajara hakuna neno juu yake.

Jambo la pili ni kuhusu waliokuwa mbali. Nina jamaa ambao siku ile walikuwa Nakuru na Machakos, na husimulia moshi mweusi juu ya jiji na jengo la Ufundi, jirani na ubalozi, lililoporomoka kana kwamba walisimama pale. Kwa siku kadhaa taifa zima lilifuatilia habari za waliofukiwa chini ya kifusi cha jengo lile, kwenye televisheni na redio, tukiomba pamoja. Siwalaumu hata kidogo, kwa kuwa huzuni yao ilikuwa ya kweli. Lakini nimeona kwamba masimulizi yao yana mpangilio mzuri kuliko yangu: yana mwanzo, katikati na mwisho, ilhali yangu yamekatikakatika. Je, Mhadhiri, kuna utafiti uliowalinganisha watu wa karibu na wa mbali?

Mhadhiri wa Dodoma

Ndugu wa Nairobi, pole sana. Asante kwa kutuandikia mambo ambayo najua si mepesi kuyarudia.

Utafiti upo. Miaka mitatu baada ya mashambulizi ya New York, Tali Sharot, Elizabeth Phelps na wenzao waliwaweka wakazi wa Manhattan kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawaomba wakumbuke siku ile na pia wakumbuke mambo ya kawaida ya majira yale ya kiangazi. Kwa wale waliokuwa karibu na majengo yaliyoanguka, ambao wengi wao waliona kwa macho, walisikia na kunusa, amigdala iliamka walipoikumbuka siku ile kuliko walipokumbuka mambo ya kawaida. Kwa waliokuwa maili chache tu kaskazini, katika kisiwa kile kile, tofauti hiyo haikujitokeza kwa namna hiyo. Maili mbili tatu zilitosha kuzitenga kumbukumbu za namna mbili ambazo kwa mdomo husimuliwa kwa maneno yanayofanana.

Kuhusu ngazi zako, mwili ulio hatarini huikusanya nadhari yote kwenye kitu kimoja au viwili, na vingine haviingii kabisa. Kisichoingia hakiwezi kukumbukwa baadaye, hata kwa kujitahidi. Huenda ulimhesabia mwenzako ngazi kama alivyosema, na bado usizipate kamwe. Kukatikakatika kwa masimulizi yako ninakuona kama dalili ya uaminifu wake. Mpangilio mzuri wa walio mbali hutokana na kusimulia mara nyingi na kuwasikia wengine wakisimulia.

Wakili wa Tanga

Nimefuatilia mjadala huu kwa sababu ya kazi yangu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliweka msimamo tangu mwaka 1980 kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa kumwona ni wa aina iliyo dhaifu kabisa, na kwamba mahakama isiutegemee mpaka iridhike kuwa kila uwezekano wa kukosea umeondolewa. Watu wengi wasio wanasheria hushangaa wakisikia hivyo. Kwao, shahidi anayetetemeka na kulia kizimbani, anayesema kwamba sura ile hataisahau hadi kaburini, ndiye shahidi bora.

Nitatoa mifano miwili, mmoja wa watu wengi na mwingine wa mtu mmoja mashuhuri. Jioni ya tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya shirika la El Al iliangukia majengo ya makazi katika mtaa wa Bijlmer, Amsterdam, na watu 43 wakafa. Televisheni ilionyesha moto na uokoaji kwa siku nyingi, lakini hakuna kamera iliyonasa ndege ikiligonga jengo. Miezi kumi baadaye Hans Crombag na wenzake waliwauliza Waholanzi 193 kama waliona kwenye televisheni picha za ndege ikigonga. Asilimia 55 walisema ndiyo. Mwingine ni Rais George W. Bush, ambaye asubuhi ya tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa akitembelea shule moja huko Florida. Desemba mwaka huo alisema hadharani kwamba kabla ya kuingia darasani aliona kwenye televisheni ndege ya kwanza ikiligonga jengo. Asubuhi ile picha za ndege ya kwanza zilikuwa hazijarushwa na kituo chochote. Walikuwapo walioyachukua maneno yake kuwa ushahidi wa njama, kana kwamba rais alikuwa na picha za siri, wakati maelezo mepesi zaidi ni kwamba alifanya kile kile walichofanya Waholanzi wale, na kile ambacho huenda dada wa muuliza swali amekifanya.

Ninalolisisitiza ni hili: katika mifano yote miwili hakukuwa na sababu ya kusema uongo. Ndiyo maana mimi nikimhoji shahidi simwambii kwamba anadanganya. Namuuliza alimsimulia nani wa kwanza, lini, na ni mara ngapi amesimulia tangu hapo. Majibu ya maswali hayo hunifaa kuliko machozi.

Mtoto wa Kanda ya Ziwa

Nawashukuru wote. Jana jioni niliwasomea dada zangu majibu yenu kwa simu, kila mmoja kwa wakati wake. Dada mkubwa alinyamaza kwa muda, kisha akaniuliza kama tarehe 14 Oktoba 1999 ilikuwa siku ya shule. Dada wa pili alikasirika kidogo. Alisema kwamba hawezi kuambiwa na watu wa Amsterdam kuhusu dirisha la nyumbani kwao.

Kinachonisumbua sasa ni kwamba ninaogopa tunaelekea kusema kumbukumbu yake ni bure. Kwake ile ndiyo picha ya baba iliyo hai zaidi, na baba hatunaye tena.

Mhadhiri wa Dodoma

Dada yako ana haki ya kukasirika, na tafadhali umfikishie kwamba hakuna aliyesema kigoda hakikuwepo.

Tarehe ile ilikuwa Alhamisi, na wakati huo bado haikuwa sikukuu ya kitaifa kama ilivyo leo, kwa hiyo wote wawili tungetarajia wawe shuleni asubuhi. Lakini fikiria jinsi habari yenyewe ilivyoishi. Haikusikika mara moja na kwisha. Tangazo lilirudiwa, jioni watu walikusanyika kwenye redio, mwili ukapokewa kutoka London, watu wakapanga foleni Dar es Salaam kutoa heshima za mwisho, na tarehe 23 Oktoba akazikwa Butiama, si mbali sana na kwenu. Kwa siku zile zote redio ilikuwa kitovu cha kila nyumba. Moja ya makosa yanayojulikana sana katika kumbukumbu hizi ni mtu kuichukua mara ya pili au ya tatu aliyosikia habari na kuikumbuka kama ya kwanza, hasa ikiwa ile ya pili ndiyo iliyokuwa na uzito: wazazi wapo, sauti ya rais inasikika, watu wazima wanalia. Mama kufika nyumbani kutoka sokoni, dada kurudi kutoka shuleni, na wote kukutana mbele ya redio jioni hiyo hiyo ni mambo yanayoweza kuwa kweli yote kwa pamoja. Ongeza kwamba kila 14 Oktoba tangu hapo sauti za msiba ule zimerudiwa redioni na kwenye televisheni, na kila marudio yameipaka rangi mpya picha ile ya dirishani.

Kuhusu kama kumbukumbu hizi ni bure, hapana, na nina ushahidi. Nchini Denmark, Dorthe Berntsen na Dorthe Thomsen waliwauliza wazee wa huko, miaka takriban 60 baadaye, kuhusu siku Wajerumani walipoivamia nchi yao, tarehe 9 Aprili 1940, na jioni ya tarehe 4 Mei 1945, ukombozi ulipotangazwa kupitia BBC. Waliwauliza mambo yanayoweza kuhakikiwa: hali ya hewa, siku ya juma, saa ya tangazo. Wazee walijibu vizuri kuliko watafiti wengi wangetarajia, na waliokuwa na uhusiano na harakati za ukinzani walikumbuka kwa usahihi zaidi. Aidha William Hirst na wenzake, walioanza na zaidi ya watu 3,000 baada ya Septemba 2001 na kuwarudia baadhi yao hadi miaka kumi ikapita, waliona kwamba kusahau hutokea kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha masimulizi hutulia, yawe sahihi au yamepotoka. Kitu ambacho watu hao walikikumbuka vibaya kuliko vingine vyote ni hisia zao wenyewe za siku ile. Tunaamini kwamba tunakumbuka jinsi tulivyolia, lakini mara nyingi tunayakumbuka machozi hayo kwa jinsi tunavyojisikia sasa.

Kijana wa Mbagala

Mimi ni wa kizazi cha karibuni, na msiba wangu wa namna hii ni wa usiku wa tarehe 17 Machi 2021, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kifo cha Rais Magufuli baada ya siku nyingi za uvumi. Kundi la WhatsApp la ukoo wetu bado lina ujumbe wote wa usiku ule, kila mmoja na saa yake. Mwaka jana tuliwaomba wanandugu wasimulie kwanza walivyopata habari, kisha ndipo tukafungua ujumbe. Karibu kila mtu alisema aliona tangazo moja kwa moja kwenye televisheni. Ujumbe ulionyesha kwamba wengi wao waliuliza kwanza kwenye kundi, "Ni kweli?", na binamu mmoja akawajibu, "Washa TV." Tangazo waliliona kweli, lakini aliyewafikia mwanzo ni binamu huyo, na hakuna aliyemtaja. Nashauri wenye ujumbe kama huo wausafirishe mahali salama kabla ya kubadilisha simu.

Mtoto wa Kanda ya Ziwa

Dada mkubwa amenipigia leo. Anasema kwamba baada ya kufikiri sana anakumbuka walivyokaa kwenye redio jioni kwa siku kadhaa, na kwamba kigoda kilikuwa cha kwake kweli, kwa sababu hakuna mwingine aliyekipenda. Kuhusu mstarini hajabadilika. Dada wa pili pia hajabadilika, ila amekubali kwamba huenda ilikuwa jioni. Nitakwenda kwa mama mwishoni mwa mwezi, na ningependa nimhoji vizuri kabla umri haujamzidi. Nifanyeje ili nisimharibie kumbukumbu kwa maswali yangu?

Mhadhiri wa Dodoma

Mhoji akiwa peke yake, kabla dada zako hawajafika, na usimsimulie yaliyojadiliwa hapa. Usianze na Mwalimu wala redio. Anza na soko: alikwenda soko gani, alikusudia kununua nini, alikuwa na nani, alirudi kwa miguu au kwa gari. Mwache anyamaze anapotaka kunyamaza, na akisema hakumbuki, usimpe jina wala rangi ya kumsaidia. Rekodi sauti yake yote, na mwishoni andika tarehe ya mazungumzo na majina ya waliokuwepo. Akishamaliza kila kitu, hapo ndipo unaweza kumuuliza kama baba alikuwa na kawaida ya kuiweka redio dirishani.

Wakili wa Tanga

Naongeza moja tu. Muulize pia ni vitu gani aliviacha sokoni siku ile. Hilo hakuna redio iliyowahi kulitangaza.